Athari

Huku Nizwa neno athari lina maana mbili.
Ya kwanza mnaijua: alama, kovu,
kinachobaki mwenye kupita akishapita.
Ya pili ni nusu saa ya maji.
Kila shamba lina zamu yake kwenye falaji,
na babu yake mke wangu, kabla ya saa za mkono,
aliigawa kwa kivuli cha kijiti,
usiku kwa nyota.
Sijasikia mtu aliyefunguliwa maji ya jirani
kwa kuwa mtende wake unapendeza kwenye picha.

Mimi ni mtunza mipira wa Chuo cha Mferejini.
Mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura; Kiswahili changu
wanafunzi hukiomba pale tu wanapotaka kumtukana refa.
Miaka kumi na tisa, pampu moja.

Mechi yetu ilikuwa Bahla.
Ijumaa, alasiri, kilomita arubaini za basi,
na Msellem, mtunza mipira wao, langoni:
"Mmeleta timu, au mmekuja kununua vyungu?"
Kombe lenyewe chungu, udongo wa kwao,
limevunjika mara mbili, limeungwa kwa gundi ya viatu.
Anayeshindwa anajaza upepo mipira ya mwenzake.
Nilikuwa namdai kumi na mmoja.

Akaja Bwana Ghassan wa televisheni, kutoka Dubai,
akatandaza ramani juu ya meza ya mkuu wa chuo,
juu ya tende, juu ya vikombe vya kahawa.
Akachora: Maskati, Dubai, Manama, Doha, Kuwait.
Ligi mpya ya vyuo.
"Bahla ina watazamaji wangapi?" akauliza.
Mkuu akatazama dirishani.
Bahla ilikuwa chini ya kidole gumba cha yule bwana,
na kidole hakikuinuka.

Sitasema uongo: taa ni nzuri.
Nyasi ni nzuri, hata kama hazinuki.
Vijana wangu wamepanda ndege, Yaarub
ameiona theluji ya bandia ndani ya duka.
Lakini sasa tunaanza saa nne na robo usiku,
maana saa mbili ni ya Wazungu na mpira wao,
sisi tunapewa masalio.
Mashabiki wote wanaambiwa wakae upande mmoja,
unaotazamana na kamera,
ili mia mbili waonekane elfu.
Upande wa pili nakaa mimi na mifuko.

Na kuna kijana mwenye visikilizio masikioni.
Akiinua mkono, refa hapulizi.
Wachezaji ishirini na wawili wanasimama,
jasho linawakaukia mgongoni,
mpaka tangazo liishe.
Nikamuuliza, tangazo la nini?
La maji, akasema.
Maji ya chupa.

Kipindi kimoja ni athari moja na nusu,
nimekuwa nikihesabu hivyo tangu zamani,
nikijua shamba gani linanyweshwa wakati gani tukicheza.
Siku hizi hesabu hainiingii.

Juzi tumefungwa na Manama, tatu bila.
Nimefika nyumbani saa nane na nusu,
simu ikalia, sauti ya Msellem,
nyuma yake vikombe vya mkahawa na mtu anacheka:
"Nimekuona! Umepita na mfuko wa mipira,
sekunde nne nzima, Gulf yote imekuona.
Umenenepa, ndugu yangu."
Halafu akanyamaza, nikamsikia akipuliza chai.
"Chungu kiko kwangu," akasema, "kabatini.
Mke wangu anataka kutia vitunguu."

Sikumjibu hapo hapo.
Nilikuwa nimesimama uani, kwenye giza,
zamu ya jirani inapita chini ya ukuta,
nami napima sekunde nne
kwa mkono ndani ya maji.
Hazitoshi hata kulowesha shina la mlimau.

Mwambie asitie, nikasema.
Ijumaa nakuja na pampu.